Mwenye Macho Haambiwi Tazama: Msimulizi wa Filamu za Hali Halisi katika Historia ya Kongo

UTANGULIZI

Watu wengi hudhani kwamba filamu ya hali halisi haina msimulizi. Hadithi ya kubuni, wanasema, ina mtungaji wake anayejulikana. Lakini filamu inayoonyesha mgodi, hospitali, mazishi ya mkuu au safari ya mashua mtoni huhesabiwa kuwa kioo tu, na kioo hakisimulii. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Kamera haiokoti kila jambo lililo mbele yake. Yuko mtu aliyechagua mahali pa kusimama, saa ya kuanza na saa ya kukoma. Yuko aliyeamua picha ipi itangulie na ipi ifuate. Yuko aliyeweka sauti juu ya picha, au aliyekataa kuiweka. Kazi ya watu hao ni usimulizi, hata kama hawakubuni tukio wala mhusika.

Hata hivyo, usimulizi huo hautoshani na ule wa mtambaji wa ngano. Mtambaji ana mamlaka juu ya wahusika wake: sungura husema yale ambayo mtambaji anataka aseme, wala hakuna sungura atakayekuja kesho kulalamika. Msimulizi wa filamu ya hali halisi hutumia nyuso na maneno ya watu walio hai, au ya wafu wenye ndugu. Kwa hiyo swali la kwanza kwake ni la haki kabla ya kuwa la ufundi: nani anasema, kwa lugha gani, na kwa idhini ya nani?

Historia ya Kongo inafaa sana kwa uchunguzi wa swali hilo. Katika muda wa karibu miaka mia moja, kiti cha msimulizi kimekaliwa na watu wa aina mbalimbali: mtumishi wa kampuni, padre, mwelezaji wa lugha za wenyeji, mtangazaji wa serikali, mwana wa mhamiaji, na hatimaye kijana wa Kisangani aliyeamua kunyamaza. Kiswahili kimekuwapo karibu kila hatua, ingawa mara nyingi kilikaa nyuma ya pazia. Yafuatayo ni maelezo ya hatua hizo kwa ufupi.

I. MWELEZAJI KANDO YA PAZIA

Filamu za kwanza zenye jina kuhusu nchi hii zilitengenezwa kwa ajili ya watazamaji wa Ulaya. Ernest Genval, Mbelgiji aliyejulikana kwanza kama mwimbaji, alizunguka Kongo katika miaka ya 1920 akipiga picha za migodi, reli, mashamba na misheni, na mwaka wa 1927 akatoa filamu yake Le Congo qui s'éveille, yaani Kongo inayoamka. Jina lenyewe linatosha kumwonyesha msomaji msimamo wa msimulizi: nchi ilikuwa imelala, na aliyeiamsha alikuwa mgeni. Wenyeji wanaonekana kwa wingi katika filamu za aina hiyo. Wanabeba, wanachimba, wanacheza ngoma, hawasemi.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili mambo yalibadilika kidogo. Mwaka wa 1947 serikali ya koloni iliunda ofisi maalumu ya filamu na picha ili kuwatengenezea Wakongo filamu zao. Misheni za Kikatoliki nazo ziliingia katika kazi hiyo kwa nguvu. Huko Léopoldville Padre Alexandre Van den Heuvel aliongoza kituo cha filamu cha Kikatoliki. Huko Kasai Padre Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, ambavyo vilipendwa sana. Na huko Kivu Mapadre Weupe walikuwa na kazi zao. Filamu nyingi zilikuwa za mafunzo: usafi wa nyumba, malezi ya watoto, akiba ya fedha, hatari za ulevi. Zilionyeshwa uwanjani usiku, katika misheni, katika kambi za wafanyakazi, na katika vijiji vilivyofikiwa na magari ya sinema.

Hapo ndipo anapotokea mtu ambaye historia ya filamu imemsahau mara nyingi: mwelezaji. Filamu nyingi hazikuwa na sauti inayoeleweka na watazamaji. Kwa hiyo mtu mmoja, kwa kawaida mwalimu, katekista au karani, alisimama kando ya pazia na kipaza sauti, akaeleza kwa lugha ya mahali yale yaliyokuwa yakionekana. Katika Katanga, Maniema na Kivu lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Wakubwa wa koloni waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Waliagiza filamu zenye mwendo wa polepole na hadithi nyepesi, na mwelezaji alipewa kazi ya kuhakikisha kwamba fundisho halipotei.

Yafaa kufikiri vizuri juu ya hali ya mtu huyo. Kwa upande mmoja alikuwa mtumishi: maneno aliandikiwa au aliagizwa, na padre au ofisa alikuwa karibu. Kwa upande mwingine alikuwa ndiye bwana wa usiku ule. Picha ilikuwa moja, lakini maana yake ilipita kinywani mwake. Aliweza kurefusha pale watu walipocheka, kufupisha pale walipochoka, kutia methali, kumfananisha mhusika na mtu wa kijijini. Ofisa asiyejua Kiswahili vizuri hakuwa na njia ya kupima kama yaliyosemwa yalikuwa ni yale yaliyoandikwa. Kwa hiyo katika kiini cha chombo kilichokusudiwa kutawala fikira palikuwa na mlango mdogo, na mlango huo ulikuwa lugha.

Ukumbi wa sinema wenyewe haukuwa wazi kwa wote. Tangu mwaka wa 1945 sheria ya koloni iliwazuia Wakongo kuona filamu ambazo halmashauri ya ukaguzi haikuwakubalia. Filamu aliyoiona Mzungu mjini Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, haikuwa lazima ndiyo aliyoiona mfanyakazi wa Union Minière kambini. Mji mmoja ulikuwa na masimulizi mawili.

II. JINA LA MFALME

Katika Mei na Juni 1955 Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, kijana wa miaka 24, alitembelea Kongo. Mtengenezaji filamu André Cauvin alifuatana naye na kutoa filamu ndefu ya rangi iliyoitwa Bwana Kitoko. Umati unashangilia, bendera zinapepea, machifu wanasujudu, na sauti ya Kifaransa inaongoza jicho la mtazamaji tangu mwanzo hadi mwisho. Miaka mitano baadaye, tarehe 30 Juni 1960, mfalme yuleyule alisimama mjini Léopoldville kusikia hotuba ya Patrice Lumumba. Mtu aliyeijua Kongo kwa filamu ya Cauvin peke yake hakuwa na njia ya kuelewa hotuba ile ilitoka wapi.

Kwa mwanaisimu, jina la filamu lina mafunzo kuliko picha zake. Inasimuliwa kwamba jina alilopewa mfalme na watu lilikuwa mwana kitoko. Kitoko ni neno la Kilingala lenye maana ya uzuri. Mwana hueleweka katika Kilingala na katika Kiswahili pia. Jina hilo basi lilisema tu: kijana mzuri, mtoto wa kupendeza. Ni jina la mapenzi, pengine na utani ndani yake, kwa sababu anayemwita mwenzake mwana hujiweka mahali pa mzazi. Wakubwa hawakupendezwa na jambo hilo, na jina likatangazwa kuwa Bwana Kitoko. Konsonanti moja ya midomo ilichukua mahali pa nyingine, na mtoto akageuka kuwa bwana.

Mabadiliko hayo madogo yanaonyesha kazi ya msimulizi asiye mwaminifu ilivyo. Hakuzua neno jipya kabisa, bali alilichukua neno la watu, akaligeuza kidogo, na kuwarudishia kana kwamba walilisema wao. Kosa la aina hiyo ni gumu kulikamata kuliko uongo mtupu, kwa kuwa asiyejua lugha hawezi kuliona, na anayeijua hakuulizwa.

III. RUNINGA YA MTU MMOJA

Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa mwaka wa 1966, mwaka mmoja baada ya Mobutu kutwaa madaraka. Katika miaka ya 1970 ilijengewa jumba refu la Voix du Zaïre, na sauti yake ikasikika kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa: Kilingala, Kiswahili, Kiluba na Kikongo. Kwa mara ya kwanza Kiswahili kilikuwa na kiti cha kudumu katika chombo cha picha. Lakini kiti hakikuwa na uhuru. Msomaji wa habari kwa Kiswahili alisoma tafsiri ya yale yaliyokwisha kuamuliwa kwa Kifaransa.

Wale walioishi wakati huo wanakumbuka jinsi taarifa ya habari ilivyoanza: mawingu mbinguni, na katikati ya mawingu uso wa Rais ukijitokeza polepole na kuwashukia watazamaji. Hapo usimulizi wa mambo ya kweli ulifikia kilele cha utumishi. Shughuli za siku nzima za taifa zilipangwa kumzunguka mtu mmoja: amepokea, amezindua, amesafiri, amerudi. Hakuna picha iliyobuniwa. Kila mkono uliopeanwa ulipeanwa kweli. Hata hivyo jumla yake haikuwa kweli, kwa sababu njaa, mishahara isiyolipwa na wafungwa hawakuwamo. Methali ya Kiswahili husema asiyekuwapo na lake halipo.

Lakini picha zina tabia ya kumsaliti aliyeziagiza. Tarehe 24 Aprili 1990, huko N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na kamera zilimwonyesha akifuta machozi. Picha hiyo, pamoja na nyingine nyingi zilizopigwa kwa ajili ya kumtukuza, zilikuja kutumiwa kumhukumu. Mbelgiji Thierry Michel, aliyekuwa amekwisha kutengeneza Zaïre, le cycle du serpent mwaka wa 1992, alikusanya kumbukumbu za runinga na za majumba ya filamu, akatoa Mobutu, roi du Zaïre mwaka wa 1999, miaka miwili baada ya utawala kuanguka. Mpangilio mpya uliwapa watazamaji maana ambayo waliopiga picha hizo hawakuikusudia. Jambo hilo linaonyesha kwamba katika kazi hii usimulizi mkubwa hufanyika mezani, wakati wa kuunganisha picha, kuliko uwanjani wakati wa kuzipiga.

Hapana budi kutaja hapa mfano mwingine wa mji wa Lubumbashi, ingawa haukuhitaji kamera. Mnamo miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya mia moja, na kila picha aliieleza kwa Kiswahili cha Shaba mbele ya mtafiti Johannes Fabian, aliyechapisha kazi hiyo mwaka wa 1996. Wakati runinga ya taifa ilikuwa ikionyesha historia moja, mchoraji wa mtaani alikuwa akipanga picha zake moja baada ya nyingine na kuzitilia maneno. Kwa utaratibu wake alikuwa msimulizi wa hali halisi kwa maana kamili: picha, mfuatano, sauti, na dai la kwamba mambo ndivyo yalivyokuwa.

IV. KUSIMULIA KISICHO NA PICHA

Kifo cha Lumumba kilileta tatizo la namna nyingine. Aliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Élisabethville, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Picha za kukamatwa kwake zipo; za kuuawa kwake hazipo, na mwili uliharibiwa ili pasiwe na kaburi. Msimulizi wa filamu afanye nini mahali ambapo wauaji wameondoa kile cha kuonyesha?

Raoul Peck alilijibu swali hilo kwa filamu yake ya mwaka wa 1990, Lumumba, la mort d'un prophète. Peck alizaliwa Haiti mwaka wa 1953, akaletwa Léopoldville utotoni wakati wataalamu wa Haiti walipoitwa kujaza nafasi zilizoachwa na Wabelgiji. Hakuweza kupiga filamu yake Zaire kama alivyotaka. Basi alipiga picha za Brussels: barabara, uwanja wa ndege, nyuso za watu wa kawaida wa mji ule, na juu ya picha hizo akaweka sauti yake mwenyewe, akirudia mara kwa mara yale aliyosimuliwa na mama yake. Watazamaji wanaelezwa hata bei ya kununua dakika za kumbukumbu kutoka kwa makampuni ya filamu ya Ulaya. Kwa njia hiyo filamu inasema waziwazi jambo ambalo sauti ya Cauvin ililificha: kwamba msimulizi ni mtu, ana mama, ana mipaka, na kwamba picha za historia ya Kongo zina wenyewe walio mbali. Hadi leo sehemu kubwa ya filamu za enzi ya koloni imehifadhiwa Ubelgiji, katika jumba la makumbusho la Tervuren na katika hifadhi ya filamu ya Brussels.

Miaka kumi baadaye televisheni ilifanya jambo ambalo mahakama zilikuwa hazijalifanya. Katika filamu ya Mjerumani Thomas Giefer ya mwaka wa 2000, Gérard Soete, aliyekuwa ofisa wa polisi wa Kibelgiji huko Katanga, alieleza mbele ya kamera jinsi alivyoshiriki kuiharibu miili ya Lumumba na wenzake, na kwamba alihifadhi meno. Kitabu cha Ludo De Witte kilikuwa kimetoka mwaka mmoja kabla, na Bunge la Ubelgiji likaunda tume ambayo ilitoa taarifa yake mwaka wa 2001. Jino lenyewe lilichukuliwa na vyombo vya sheria vya Ubelgiji mwaka wa 2016 kutoka kwa familia ya Soete, na tarehe 20 Juni 2022 likakabidhiwa watoto wa Lumumba mjini Brussels. Haingekuwa haki kusema kwamba filamu peke yake ilileta hayo yote. Lakini mtu aliyesema mbele ya kamera hawezi kukana tena kwamba alisema, na hapo filamu ya hali halisi hupita mipaka ya simulizi na kuwa ushahidi.

V. MAANDISHI YA CHINI

Ikiwa mwelezaji wa kando ya pazia alitoweka, ni nani aliyerithi kazi yake? Jibu linasomeka chini ya picha. Shahidi anasema kwa Kiswahili, na mtazamaji wa Kinshasa, Paris au Berlin anasoma Kifaransa au lugha nyingine. Mwandishi wa maneno hayo haonekani wala hasikiki, na mara nyingi jina lake hupita upesi mwishoni. Hata hivyo kwa asiyejua Kiswahili, yeye ndiye msimulizi.

Mwaka wa 2015 jambo hili lilitokea hadharani. Thierry Michel, akishirikiana na mwandishi wa habari Colette Braeckman, alitoa L'homme qui répare les femmes, filamu kuhusu daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi mjini Bukavu, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2018. Mnamo Septemba 2015 serikali ya Kinshasa ilizuia filamu hiyo isionyeshwe nchini. Sababu iliyotolewa ilihusu lugha: ilidaiwa kwamba maneno ya mashahidi yalikuwa yametafsiriwa vibaya kwa Kifaransa, kwa nia ya kulichafua jeshi la taifa. Watengenezaji wa filamu walikanusha. Mwezi wa Oktoba katazo liliondolewa, na filamu ikaonyeshwa.

Mabishano yale yaliishia katika magazeti, na yalihesabiwa kuwa ya kisiasa tu. Lakini hata dai la kisiasa linastahili kupimwa kwa elimu ya lugha, maana ugumu wa kutafsiri ushuhuda ni wa kweli. Tuchukue mfano wa kawaida, ambao haukutolewa katika filamu hiyo. Mwanamke wa Kivu akisema basoda balikuja, balinitendea mabaya, kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni nomino yenyewe. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, basoda, kama vile maaskari, huweza kumtaja mtu yeyote mwenye bunduki na sare: wa serikali, wa kundi la waasi, au wa nchi jirani. Neno la Kifaransa linalomaanisha wanajeshi humwelekeza msomaji kwenye jeshi rasmi. Akitafsiri hivyo bila kuuliza, mfasiri ameshtaki. Akiandika watu wenye silaha, na kumbe shahidi alimaanisha jeshi na wasikilizaji wake wote walilielewa hivyo, mfasiri amesamehe. Hakuna neno lisiloegemea upande. Kuna kuuliza tu.

La pili ni kiambishi ba-, au wa- katika Kiswahili sanifu. Kiambishi hicho huweza kuendelea sentensi nyingi bila nomino kurudiwa, na mara nyingine hutumiwa kwa mtendaji asiyetajwa kabisa: walinipiga huweza kuwa na maana ya kwamba nilipigwa. Mfasiri hulazimika kuamua kama wale wa sentensi ya nne ndio walewale wa sentensi ya kwanza.

La tatu ni haya ya lugha. Kutendewa mabaya, kuharibiwa, kuchukuliwa kwa nguvu: haya ni maneno ya kusitiri, na kila msemaji wa mahali anajua maana yake. Mfasiri akiandika neno la sheria, anamvua shahidi sitara aliyojiwekea; akiandika neno lisilo wazi, mtazamaji wa mbali hataelewa uzito wa shtaka. Kila uamuzi una gharama, na anayeilipa si mfasiri, bali yule mama aliyekubali kusema mbele ya kamera.

Mambo haya hayathibitishi kwamba serikali ilikuwa na haki ya kuizuia filamu. Yanathibitisha tu kwamba tafsiri ya ushuhuda ni kazi ya kitaalamu, na kwamba mahali pasipo na wataalamu wanaojulikana, mwenye nguvu anaweza kuitumia lugha kama kisingizio.

VI. MSIMULIZI ANAPONYAMAZA

Kizazi kipya cha Wakongo kilianza kusikika baada ya mwaka wa 2010, ulipotoka mkusanyo wa filamu fupi nne uliosimamiwa na Djo Munga wa Kinshasa. Mmoja wa vijana wa mkusanyo huo alikuwa Dieudo Hamadi, aliyezaliwa Kisangani mwaka wa 1984 na kuwahi kusomea udaktari. Pamoja na Divita Wa Lusala alionyesha wanawake waliojifungua na kuzuiwa hospitalini kwa kukosa fedha za kulipia. Baadaye alitoa Examen d'État mwaka wa 2014, kuhusu wanafunzi wa Kisangani wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa baada ya kufukuzwa darasani kwa kukosa malipo ya walimu; na Maman Colonelle mwaka wa 2017, kuhusu Kanali Honorine Munyole, askari polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani kuwalinda wanawake na watoto. Filamu hii ya pili ilipata tuzo kuu ya tamasha la Cinéma du Réel mjini Paris.

Katika kazi hizo hakuna sauti isiyoonekana. Hamadi hasemi. Watu wanazungumza wao kwa wao kwa Kiswahili na Kilingala, wanabishana, wanapatana, na mtazamaji anaachiwa kazi ya kuelewa. Ni kama kwamba mwongozaji ameifuata methali: mwenye macho haambiwi tazama. Katika Maman Colonelle wanawake walioteseka katika vita mbalimbali wanabishana kuhusu nani ana haki ya kuitwa mhanga. Msimulizi wa zamani angekata mabishano hayo na kutoa jumla. Hamadi anayaacha yaendelee, na mtazamaji anajifunza kwamba maumivu nayo hugombewa.

Uzito wa njia hiyo unaonekana zaidi katika En route pour le milliard ya mwaka wa 2020, filamu ya kwanza ya Kongo kuchaguliwa rasmi na tamasha la Cannes. Katika Juni 2000, kwa siku sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani, na raia wengi wakauawa au kukatwa viungo. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilihukumu kwamba Uganda ina wajibu wa kulipa fidia kwa madhara iliyoyaleta Kongo. Miaka ikapita. Filamu inawafuata wahanga, wengine wakiwa na magongo na miguu ya bandia, wakipanda mashua na kushuka mto kiasi cha kilomita 1,700 hadi Kinshasa kudai haki yao. Mvua inawanyeshea, chakula kinapungua, na mjini milango ya wakubwa haifunguki. Katikati ya safari mwongozaji ameingiza sehemu za mchezo wa jukwaani ambamo wahanga hao wenyewe wanaigiza habari zao.

Sehemu hizo ni muhimu kwa hoja ya makala haya. Mwongozaji amenyamaza, lakini hakuwaacha watu wake wawe picha tu. Amewapa jukwaa, na huko wao ndio watambaji. Kiti cha msimulizi, ambacho Genval alikikalia peke yake, kimerudi kwa wenye habari. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ilipanga kiasi cha fidia: dola milioni 325 za Marekani, zilipwe kwa awamu tano za mwaka. Kati ya fedha hizo, milioni 225 zilikuwa kwa ajili ya madhara yaliyowapata watu. Hukumu haikutolewa kwa sababu ya filamu. Lakini anayesoma tarakimu hizo baada ya kuiona filamu anajua zinamhusu nani.

Yafaa kuongeza kwamba kunyamaza si sheria ya milele. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, katika filamu yake L'arbre de l'authenticité ya mwaka wa 2025 kuhusu kituo cha utafiti wa kilimo cha Yangambi, amerudisha sauti: ya Paul Panda Farnana, mtaalamu wa kilimo Mkongo wa mwanzo wa karne ya 20, ya mtumishi mmoja Mbelgiji, na ya mti. Kumpa mti nafasi ya kusimulia ni jambo la ngano, na limeingia katika filamu ya mambo ya kweli bila kumdanganya mtu, kwa sababu mtazamaji anaonyeshwa waziwazi kwamba amesimuliwa.

HITIMISHO

Historia hii fupi inaonyesha kwamba ukweli wa filamu hautegemei kuwapo au kutokuwapo kwa sauti. Sauti ya Cauvin ilipotosha, na sauti ya Peck ilifichua. Ukimya wa wabebaji katika filamu za Genval ulikuwa dhuluma. Ukimya wa Hamadi ni heshima, kwa kuwa ananyamaza ili wengine waseme. Kipimo ni kimoja: je, wenye habari wangeyatambua maneno yao wakiyasikia tena?

Kipimo hicho kinaigusa kazi ya wanafunzi na walimu wa Kiswahili moja kwa moja. Idara za lugha za vyuo vikuu vya Lubumbashi, Kisangani na Bukavu zinaishi katikati ya watu ambao ushuhuda wao unatafsiriwa kila mwaka kwa ajili ya pazia za dunia. Mambo matatu yanaweza kufanywa bila kungoja fedha nyingi. Kwanza, kukusanya kumbukumbu za waelezaji wa zamani wa sinema za misheni na kambi ambao bado wako hai, au za watoto wao, kabla hazijazikwa. Pili, kutunga faharasa ya maneno ya vita na ya mateso kama yanavyotumika katika Kiswahili cha Katanga, cha Kivu na cha Kisangani, ikionyesha tofauti za maana kati ya mahali na mahali, ili mfasiri asikosee basoda kwa jeshi fulani. Tatu, kudai kwamba kila filamu inayotumia ushuhuda wa Kiswahili ihifadhi maandishi kamili ya maneno ya awali, si tafsiri peke yake, na kwamba mashahidi wasomewe tafsiri hiyo kabla ya filamu kutoka. Shahidi asiyejua kusoma Kifaransa ana haki ya kujua ni maneno gani yameandikwa chini ya uso wake.